Pumzi ya Mchezaji Kijana Haijengwi kwa Kuzunguka Uwanja

Hotuba iliyotolewa mbele ya makocha wa timu za vijana, wazazi na wachezaji wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Inachapishwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa wageni, makocha wenzangu, wazazi wapendwa, na nanyi vijana mlioketi huko nyuma mkiwa bado na viatu vya mpira miguuni: hamjambo?

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie mbio na pumzi ya mchezaji kijana, na kwa kuwa tuko Nairobi, sina budi kuanzia uwanja wa Kasarani.

Tarehe 10 Agosti 2025 Harambee Stars, timu yetu ya taifa, ilikutana na Moroko katika CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao. Ryan Ogam alifunga bao katika kipindi cha kwanza, na kabla ya mapumziko mwenzake akaonyeshwa kadi nyekundu. Kipindi cha pili chote tulikicheza tukiwa watu 10. Siku tatu kabla ya hapo, dhidi ya Angola, tulikuwa pia tumecheza sehemu kubwa ya mechi tukiwa 10, tukatoka sare ya 1-1. Wengi wenu mlikuwa uwanjani au mlikuwa mbele ya televisheni, na najua mlichokumbuka ni ushindi wa 1-0, kelele na machozi. Mimi naomba leo mkumbuke jambo jingine. Ukimwondoa kipa, wachezaji 9 walilazimika kulinda eneo lililopangiwa watu 10, dhidi ya timu yenye ujuzi wa kuuzungusha mpira hadi mpinzani achoke. Walifanya hivyo mara mbili ndani ya siku nne. Je, hilo linawezekana kwa moyo wa uzalendo peke yake? Je, linawezekana kwa maombi peke yake? Maombi tuliyafanya, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioomba, lakini miguu ilihitaji oksijeni.

Basi hebu tuulizane, pumzi ni nini hasa?

Fikirieni jiko la makaa. Unaweza kulijaza makaa mpaka pomoni, lakini ukifunga kile kidirisha cha chini, moto unafifia. Misuli ya mchezaji nayo ina chakula cha kutosha kuchoma. Kinachoamua ukali wa moto na muda utakaowaka ni kasi ya oksijeni kuifikia. Hewa huingia mapafuni, oksijeni huchukuliwa na damu, moyo huisukuma damu hiyo, mishipa midogo huifikisha ndani ya msuli, na seli huitumia kuzalisha nguvu. Mwingereza A. V. Hill na wenzake walionyesha mnamo 1923 kwamba mtu akiendelea kuongeza mwendo, hufika mahali ambapo mwili wake hauwezi tena kuongeza kiasi cha oksijeni unachotumia hata akijikaza vipi. Hicho ndicho kilele chake cha matumizi ya oksijeni, na hupimwa kwa mililita kwa kila kilo ya uzito kwa kila dakika. Wanasoka wa kulipwa wengi huwa kati ya 55 na 65. Wakimbiaji bora wa mbio ndefu hupita 70, na wengine hukaribia 80 au zaidi.

Mtasema, kumbe mwanasoka ni mdogo wake mkimbiaji! Hapana. Mwanasoka ana kazi tofauti, na hapa ndipo sisi Wakenya tunapojikwaa, kwa sababu tumelelewa katika nchi ya wakimbiaji.

Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na ushei kule Vienna mnamo Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kila kilomita aliimaliza kwa takriban dakika 2 na sekunde 50. Mwendo ule ule, ya kwanza kama ya mwisho. Sasa mtazameni kiungo wa mpira. Mtu mzima katika mechi ya dakika 90 hukimbia kati ya kilomita 10 na 13, lakini ndani ya kilomita hizo hubadilisha mwendo zaidi ya mara elfu moja: anatembea, anakimbia polepole, anarudi kinyumenyume, anaruka, anageuka, na kila baada ya dakika moja na nusu hivi anachomoka kwa kasi yake yote kwa sekunde mbili hadi nne. Kisha anatakiwa achomoke tena. Na tena. Na tena, dakika ya 85, wakati winga wa upande wa pili ameingizwa sasa hivi kutoka benchi akiwa na miguu mipya.

Yule anayechomoka hutumia akiba ya nguvu ya haraka iliyo ndani ya msuli, na akiba hiyo hurejeshwa kwa msaada wa oksijeni katika zile sekunde za kutembea. Kwa hiyo mwenye pumzi nzuri huchelewa kuchoka, na zaidi ya hapo huwahi kupona kati ya mchomoko mmoja na mwingine. Makocha wenzangu, mkilichukua hili moja tu kutoka hapa, sitalalamika.

Sasa nije kwenye jambo litakalowaudhi baadhi yenu.

Nenda katika uwanja wowote wa Nairobi saa kumi na moja jioni, iwe ni Kamukunji, iwe ni Dandora, iwe ni Kawangware, utakuta kocha amesimama katikati, kipenga mdomoni, kitambi mbele, na vijana 30 wanazunguka uwanja. Raundi 10. Raundi 15. Aliyechelewa kufika anaongezewa tano. Aliyekosa penalti Jumapili anaongezewa tano. Aliyemjibu kocha anaendelea mpaka giza liingie. Tunawafundisha nini watoto hawa? Tunawafundisha kwamba kukimbia ni adhabu, kisha tunashangaa kwamba mchezaji wetu anaposhika mpira hapendi kukimbia bila kuamrishwa.

Mtanijibu kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya mabingwa wetu wa Iten. Ndugu zangu, sivyo. Panda siku ya Alhamisi mpaka Iten, kule kwenye mwinuko wa mita 2,400, utaona mamia ya wakimbiaji wakifanya fatleki barabarani: dakika moja au mbili za kasi, kisha dakika ya polepole, kisha kasi tena, kwa karibu saa nzima. Mtindo huo wa kuchanganya kasi ulianzishwa Uswidi katika miaka ya 1930 na kocha Gösta Holmér, na wenzetu wa Bonde la Ufa wameufanya wao. Emil Zátopek wa Chekoslovakia aliyashangaza mataifa kwa kurudia mita 400 mara nyingi mno katika mazoezi ya siku moja, akipumzika kwa mwendo mwepesi katikati, na mwaka 1952 kule Helsinki akachukua dhahabu ya mita 5,000, ya mita 10,000 na ya marathoni, ambayo hakuwa ameikimbia hata mara moja maishani. Kwa hiyo anayewazungusha watoto raundi 15 za mwendo mmoja akidai anaiga wakimbiaji hajawaiga wakimbiaji, wala hajawajenga wanasoka.

Si kwamba mbio ndefu za polepole hazina faida. Zinafaa mwanzoni mwa msimu, zinafaa kwa anayerejea kutoka kwenye jeraha, na dakika 30 za mwendo wa mazungumzo katika Msitu wa Karura ni starehe ambayo simnyimi mtu. Ninachokataa ni kuzifanya chakula cha kila siku.

Ni nini basi kinachofanya kazi? Kuna jaribio moja ambalo kila kocha wa vijana anapaswa kulijua. Mnamo 2001 Jan Helgerud na wenzake wa Norwe walichapisha matokeo ya vijana 19 wa timu za daraja la juu, wenye umri wa miaka 18 hivi. Baadhi yao waliongezewa mazoezi ya mbio mara mbili kwa wiki kwa wiki nane: dakika 4 za kukimbia kwa nguvu, moyo ukipiga kwa asilimia 90 hadi 95 ya kiwango chake cha juu kabisa, kisha dakika 3 za kukimbia polepole, na kurudia hivyo mara nne. Wenzao waliutumia muda huo kwa mazoezi ya ufundi. Hebu sikilizeni kilichotokea. Kilele cha matumizi ya oksijeni cha wale waliokimbia kilipanda kutoka 58 hadi 64. Katika mechi, umbali waliokimbia uliongezeka kwa asilimia 20, idadi ya michomoko ikawa mara mbili ya ile ya awali, na mara walizohusika na mpira zikaongezeka kwa asilimia 24. Na kasi yao, je? Nguvu ya mateke, je? Kuruka, je? Hawakupoteza chochote.

Fanyeni hesabu: dakika 16 za kazi ngumu, mara mbili kwa wiki. Ni dakika 32. Kuna makocha hapa wanaowakimbiza watoto dakika 32 kabla hata mpira haujatolewa kwenye wavu, na wanafanya hivyo siku tano kwa wiki.

Kinachobadilika mwilini kinaeleweka. Moyo unapolazimishwa kufanya kazi karibu na ukomo wake kwa dakika kadhaa mfululizo, hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Kiasi cha damu mwilini huongezeka. Mishipa midogo huzidi kuchipuka ndani ya msuli. Na zile sehemu za seli zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu, yaani mitokondria, huongezeka. Mwendo wa polepole sana haufikishi ujumbe huo moyoni. Mwendo wa kasi kupita kiasi nao humchosha kijana baada ya nusu dakika, kabla moyo haujafika panapohitajika.

Najua mzazi mmoja anajiuliza vifaa vya kupima mapigo ya moyo tutavitoa wapi, ilhali hata mipira inatushinda. Hamvihitaji. Kijana wa miaka 14 au 15 moyo wake hufikia mapigo 200 kwa dakika, zaidi au pungufu kidogo. Mwambie asimame, aweke vidole viwili shingoni, ahesabu kwa sekunde 10. Akipata 30, 31 au 32, yuko mahali panapofaa. Akipata 24, anakudanganya. Njia nyingine ni kumsemesha: akiweza kukusimulia mechi ya jana, aongeze mwendo, akiweza kutamka maneno mawili tu na kuvuta pumzi, mwache aendelee.

Na mpira je? Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Mtafiti wa Kiitaliano Franco Impellizzeri na wenzake walichapisha mwaka 2006 kazi iliyolinganisha makundi mawili ya wachezaji vijana. Kundi moja lilikimbia bila mpira, jingine lilicheza mechi ndogo katika uwanja mdogo, yote mawili kwa vipindi vya dakika 4. Mwisho wa jaribio makundi yote mawili yalikuwa yamepanda kwa kiasi kinachokaribiana. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kujenga moyo wake akiwa anacheza! Wanne kwa wanne, magoli madogo, hakuna kipa, mipira ya akiba kandokando ili mchezo usisimame, na kocha akihimiza bila kupumzika. Dakika 4, pumziko la dakika 3, mara nne. Ila kuna tahadhari: katika mechi ndogo mvivu hupata pa kujificha, na stadi asiyekimbia hulindwa na wenzake. Hao wahesabu mapigo yao, na wakipungukiwa, wape mbio zao pembeni.

Kwa watoto walio chini ya miaka 12 sina mengi. Waacheni wacheze. Michezo ya kufukuzana, kati, tano kwa tano, inatosha kabisa. Mtafiti Bengt Saltin na wenzake walipokuja kuwapima wavulana wa Kenya katika miaka ya 1990, waliona kwamba wale waliotembea au kukimbia kila siku, kwenda shule na kurudi, walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kutumia oksijeni kuliko wenzao wa Kenya hii hii waliokaa tu. Na watoto wetu wa Nairobi wanaopanda matatu hadi langoni mwa shule, kisha wakarudi kukaa mbele ya simu katika chumba cha ghorofa ya tano, tuwaweke kundi gani?

Kati ya miaka 12 na 15 kuna jambo la kuangaliwa sana, nalo ni ule mwaka ambao mtoto anarefuka ghafla. Kwa wavulana wengi huwa ni karibu na miaka 14, kwa wasichana karibu na miaka 12. Mifupa hutangulia, kano na misuli hufuata baadaye, na pale chini ya goti au nyuma ya kisigino, kano inapojishikiza kwenye mfupa laini unaokua, huanza maumivu. Mtoto aliyekuwa na mwendo mzuri anakuwa mzito, anajikwaa, anaonekana kana kwamba amesahau mpira. Mpimeni kimo ukutani kila mwezi. Mkiona anapanda kwa haraka, punguzeni mbio kwenye sakafu ngumu na murram, mwachieni mechi ndogo na ufundi. Kumwongezea raundi mtoto huyo ni kumvunja.

Kuanzia miaka 16, hapo ndipo mpango wa Helgerud unapoingia wenyewe: mara mbili kwa wiki kabla ya msimu, mara moja kwa wiki msimu ukiendelea, kamwe si siku moja kabla ya mechi. Na kumbukeni likizo ya Desemba. Wiki tatu au nne za kukaa mashambani kwa bibi, chai na mandazi, hushusha kiwango kilichojengwa kwa miezi. Mpeni kijana kazi ndogo ya nyumbani, mara mbili kwa wiki. Kilima hakikosekani kule.

Sasa wazazi, naomba masikio yenu, kwa sababu hili si la kocha peke yake.

Kulikuwa na msichana mmoja, winga, mwenye kasi ya kutisha. Ndani ya miezi michache akaanza kushika kiuno baada ya dakika 20. Kocha wake, ambaye hayumo humu, akamwita mvivu, akamwongezea mbio. Mbio zikaongezwa, hali ikawa mbaya zaidi. Mama yake ndiye aliyempeleka kliniki, akapimwa damu, ikaonekana imepungua sana. Damu ndiyo inayobeba oksijeni, na bila madini ya chuma hakuna himoglobini ya kuibeba. Msichana anayepoteza damu kila mwezi na kula chakula kisicho na chuma cha kutosha anaweza kukimbia mpaka azimie na pumzi isiongezeke hata chembe. Mpeni ndengu, terere, omena, maini yakipatikana, pamoja na chungwa. Na ile chai yetu ya rangi au ya maziwa tunayoishushia chakula isogezwe saa moja au zaidi baada ya mlo, kwa sababu chai huzuia chuma kufyonzwa mwilini. Najua nimegusa pabaya.

Lipo lililo zito kuliko hilo. Tarehe 26 Juni 2003, katika uwanja wa Lyon, Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka katikati ya mchezo bila kuguswa na mtu, akafariki. Alikuwa na miaka 28, na moyo wake ulikuwa na kasoro iliyojificha. Hapa kwetu kuna hatari nyingine: mtoto anaumwa koo, hatibiwi, baadaye homa inashambulia viungo na vali za moyo, na miaka ikipita anaanza kuishiwa na pumzi. Kwa hiyo mtoto anayezimia akikimbia, anayelalamika maumivu ya kifua, ambaye moyo wake unaenda mbio bila mpangilio, au ambaye katika familia yake kuna kijana aliyefariki ghafla, asikimbie tena hata hatua moja mpaka daktari amsikilize. Mwenye pumu naye asifichwe. Akiwa na dawa yake ya kuvuta kando ya uwanja, anaweza kucheza na kushinda. Na mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, au hata aliyerithi kasoro yake kutoka kwa mzazi mmoja tu, asisukumwe kwa nguvu bila mapumziko na maji ya kutosha. Kocha, je, unajua ni yupi kati ya wachezaji wako mwenye lolote kati ya haya? Umewahi kuuliza?

Nimeulizwa kuhusu hewa ya jiji letu. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hilo halina ubaya. Mwenyeji amelizoea, na anayetoka Mombasa kuja kucheza hapa atahema kidogo zaidi siku za mwanzo. Ubaya ni moshi. Anayekimbia kwa nguvu huvuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko aliyeketi, kwa hiyo msiwakimbize watoto kando ya barabara kuu wakati wa msongamano, wala karibu na jalala linaloungua. Uwanja wa shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi Jumamosi ni bora kuliko barabara yoyote jioni.

La mwisho ni kupima. Usipopima, hujui kama unajenga au unabomoa. Jaribio rahisi ni lile la mbio za kwenda na kurudi za mita 20, lililotokana na kazi ya Luc Léger wa Kanada katika miaka ya 1980: unaanza kwa mwendo wa kilomita 8.5 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde 8 na nusu hivi, na kila dakika mwendo unaongezeka kwa nusu kilomita kwa saa, mpaka kijana ashindwe kufika kwenye mstari kabla ya mlio. Kwa walio na miaka 15 na zaidi napendelea lile la Jens Bangsbo wa Denmaki, lenye pumziko la sekunde 10 baada ya kila mita 40, kwa kuwa linafanana zaidi na mechi. Pimeni mwanzoni mwa muhula, pimeni tena baada ya wiki nane, na mlinganishe kijana na nafsi yake ya zamani. Msibandike majina ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wa mwisho pengine ni yule ambaye mwili wake haujaanza kurefuka.

Utepe wa kupimia na koni viko hapo mlangoni. Milio ya jaribio la mita 20 ninayo kwenye simu, na atakayeihitaji nitamtumia. Vijana watatu waliojitolea wamekwisha kuvua sweta, kwa hiyo tutatoka nje, tutapima mistari pamoja, na maswali yenu nitayapokea pale pale uwanjani, nikianza na ya akina mama.